Kilima cha Mbhokota: safari ya kumfuata Jackson Hlungwani

Jumapili, Johannesburg

Nimekuja huku kwa ajili ya mtu aliyekwisha kufa. Jackson Hlungwani alizaliwa mwaka 1923 kaskazini mwa Afrika Kusini, karibu na Elim, katika jimbo ambalo siku hizi linaitwa Limpopo, akafariki mwaka 2010. Katikati ya hapo alichonga miti. Hakusomea sanaa mahali popote. Kazi ya mbao na chuma aliiona kwa baba yake, mengine akajifundisha mwenyewe. Juu ya kilima cha kijijini kwake, Mbhokota, alijenga kanisa la mawe lisilo na paa, akalijaza sanamu za miti, nyingine ndefu kuliko mtu, zikasimama juani na mvuani. Mahali hapo akapaita Yerusalemu Mpya.

Mimi ni mchongaji. Tezo nilianza kuishika Mtwara kwa mjomba wangu, na sasa kibanda changu kiko Mwenge, Dar es Salaam. Sisi wa Mwenge tunachonga tukijua kitu kinaondoka. Tangu miaka ya 1950, mchongaji Samaki Likankoa alipoanza kutoa vinyago vyake vya mashetani jijini Dar na wafanyabiashara wakavipenda, kinyago cha Kimakonde kimekuwa na mnunuzi kabla hakijapigwa msasa. Silaumu, ndiko ninakokula. Lakini siku nilipoziona picha za kilima cha Hlungwani, magogo yamesimamishwa kati ya kuta za mawe, hayana kibandiko cha bei wala mteja anayeyazunguka, nilikaa nazo usiku kucha. Kesho yake nikaanza kuweka nauli.

Njia ya mkato ipo. Ile kazi kubwa kuliko zote za kilimani, Madhabahu ya Mungu, imo katika makusanyo ya Jumba la Sanaa la Johannesburg pale Joubert Park, jengo la mawe lililochorwa na Mwingereza Edwin Lutyens na kufunguliwa mwaka 1915. Mtu anaweza kushuka uwanja wa ndege, akapanda teksi, akamalizia habari ya Hlungwani hapo. Nimeamua nisianzie hapo. Nataka kwanza nione kilima, halafu ndipo nije kwenye miti iliyoteremshwa kutoka huko.

Jumatatu, barabara ya N1

Basi la alfajiri. Pretoria, Bela-Bela, Mokopane, Polokwane: majina yanapita dirishani na nchi inazidi kukauka. Baada ya jiji ni nyasi za rangi ya mchanga na miti mifupi yenye miiba mpaka macho yanapochoka. Kilomita zaidi ya 400 hadi Louis Trichardt, lami safi, vituo vya kulipia barabara kila baada ya mwendo.

Polokwane walipanda kina mama kadhaa wenye nyota ya fedha kifuani, imebanwa juu ya kitambaa cha kijani. Ni waumini wa Zion Christian Church, kanisa la Engenas Lekganyane, ambalo makao yake yako Moria, mashariki ya mji huo. Wakati wa Pasaka barabara hizi hujaa mabasi ya mahujaji. Niliwatazama sana wale mama, kwa sababu Hlungwani hawezi kueleweka ukimtoa kwenye hewa hii. Makanisa ya Kisayuni ya Afrika Kusini yalikuwa mikononi mwa Waafrika wenyewe: ngoma, uponyaji, ndoto, maono, mavazi yenye maana, mto wa kubatizia. Hlungwani aliwekewa mikono kuwa mhubiri katika kanisa la namna hiyo mwaka 1946. Baadaye alijitenga akaanzisha lake, akaliita Yesu Galeliya One Aposto in Sayoni Alt and Omega. Jina hilo aliliandika kama alivyolisikia moyoni, na mimi naliacha hivyo hivyo.

Tukapita nguzo inayoonyesha mstari wa Tropiki ya Kaprikoni. Hakuna aliyegeuza shingo. Muda si mrefu milima ya Soutpansberg ikajitokeza mbele, ya bluu, imelala kutoka mashariki hadi magharibi, na hewa ikabadilika.

Louis Trichardt nikahamia kwenye kipanya cha kwenda Elim. Huku hakuna konda. Nauli inatoka nyuma ikipita mkono kwa mkono, abiria wa kiti cha mbele ndiye anayehesabu na kurudisha chenji, dereva hashiki kitu mpaka hesabu iishe. Mimi nilikuwa kiti cha mbele. Mama mmoja nyuma yangu aliona jinsi ninavyokunja uso na sarafu za watu, akanyoosha mkono akazichukua, akamaliza kazi kabla hatujatoka mjini.

Jumanne, Elim

Elim ni njia panda, maduka, hospitali, na watu wengi kuliko ulivyotegemea. Hospitali ilianzishwa na Wamisheni wa Kiswisi mwaka 1899. Wenzao walikuwa wamekwisha kufungua misheni ya Valdezia, jirani hapa, mwaka 1875, na ndio walioanza kuiweka Kitsonga katika maandishi. Chini ya miembe barabarani kina mama wanauza parachichi, ndizi, na viwavi wa mti wa mopane waliokaushwa, wanapimwa kwa kikopo. Nilikula kwa ugali. Wana mafuta kuliko nilivyodhani na wanakwaruza koo kidogo, lakini niliongeza.

Mwenyeji wangu ni mwalimu mstaafu, nimemwita Mwalimu tangu dakika ya kwanza naye hakupinga. Jioni alinieleza eneo hili kwa kidole juu ya kitambaa cha meza. Watsonga na Wavenda waliishi hapa wamechanganyika, wakioana, wakigawana visima na machifu. Serikali ya ubaguzi ikaja na mpango wa kumpa kila kabila nchi yake. Miaka ya 1960 watu wakaanza kuhamishwa, huyu upande huu, huyu upande ule. Gazankulu ya Watsonga ikapewa kujitawala mwaka 1973, Venda ikatangazwa kuwa nchi huru mwaka 1979, uhuru ambao hakuna taifa la nje lililoutambua. Mwalimu alichora mpaka huo kwa ukucha, akaupitisha katikati ya sahani ya wifi yake.

Ndani ya Gazankulu hiyo ndimo alimokuwa Hlungwani. Kijana wa hapa alikuwa na njia moja ya kupata fedha: kwenda kusini kufanya kazi migodini, viwandani, au majumbani mwa watu. Naye alikwenda. Miaka ya 1940 alikuwa Johannesburg, akakatwa kidole kazini, akarudi nyumbani. Nilipolisoma hilo zamani nilikitazama kidole changu cha shahada. Mchongaji anashika patasi kwa mkono mmoja na nyundo kwa mwingine. Ukipoteza kidole unajifunza mshiko upya tangu mwanzo, na huo mshiko mpya unaingia katika kila kitu utakachochonga. Sijui kwa nini waandishi wengi wanakitaja kidole hicho kwa nusu sentensi.

Mchana nilifika Mukondeni kwa wafinyanzi. Kina mama wanasimamisha vyungu vikubwa kwa mikono mitupu, bila gurudumu, wanavipaka rangi nyekundu na kuvichoma nje. Nilikaa kwa nusu saa, nikanunua kidogo cha kubebeka.

Jumatano, Mbhokota

Leo ndiyo siku niliyoijia, kwa hiyo nitaandika taratibu.

Mwalimu alinipeleka kwanza kwenye nyumba za chini kuomba ruhusa. Alikuwepo bibi mmoja, amekaa kwenye mkeka na miguu imenyooshwa mbele. Tulichuchumaa. Mwalimu alimwita kokwana, nami nikafuata. Akaniuliza nimetoka wapi. Mwalimu akasema Tanzania. Akauliza kama ni mbali kuliko Maputo. Akacheka, akatupa mjukuu wake wa kiume, kijana wa miaka ishirini hivi, atuongoze.

Kilima si kirefu. Unapanda katikati ya mawe na miti ya miiba, na mara unagundua kwamba mawe yamepangwa. Ndilo jambo la kwanza lililonishika. Hapa palikuwa na magofu ya kale, kuta za mawe za watu wa zama za chuma, kama yalivyo mengi kaskazini ya Limpopo na ng'ambo ya mto huko Zimbabwe. Hlungwani aliyakuta yameporomoka, akayasimamisha tena. Akaongeza kuta, akatengeneza matuta, ngazi, na vijia vyembamba vya kupita mtu mmoja mmoja. Hakuna saruji. Jiwe linakaa juu ya jiwe kwa uzito wake, na vijiwe vidogo vimesukumwa katika nafasi kama kabari. Nilipiga magoti nikaangalia kona moja: mawe makubwa chini, yamelala upande wake mpana, kila kiungo cha juu kimeangukia katikati ya jiwe la chini. Mtu aliyepanga hivi hakuwa na haraka. Kuna sehemu ambapo ukuta wa kale na wa kwake vimeungana na macho yangu hayakuweza kuona mwisho wa mmoja na mwanzo wa mwingine.

Vijia vile vinakulazimisha. Unapinda, unainama, huoni mbele, halafu unafunguliwa kwenye uwanja mdogo. Ni njia ya ibada. Nimeingia misikiti mikubwa na makanisa makubwa, na bado naona kwamba huyu mtu aliyejifundisha mwenyewe alijua jinsi ya kumtayarisha mwanadamu kabla hajafika mbele ya madhabahu.

Madhabahu zilikuwa mbili, moja ya Mungu na moja ya Kristo. Katikati ya kuta hizi zilisimama mbao pana zilizochongwa, malaika, viti vya enzi, misalaba, samaki. Pia kulikuwa na mlingoti wa vyuma chakavu, antena yake ya kuwasiliana na Mungu. Nataka msomaji asilichukulie hilo kwa mzaha. Kijijini kwetu Mtwara, redio ilipokuwa moja, baba mdogo alikuwa akipanda kwenye mwembe na waya ili tusikie Dar es Salaam. Tulijua sauti ipo hewani, tatizo lilikuwa ni kuinasa. Hlungwani alikuwa na uhakika huo huo.

Tukakaa kwenye ukuta, Mwalimu akasimulia habari za mwaka 1978, kwa sauti ya mtu anayesimulia jambo lililompata jirani. Hlungwani alikuwa anaugua mguu. Alisema Shetani ndiye aliyempiga kwa mshale, na kidonda kikakataa kufunga. Maumivu yalimfikisha mahali pa kutaka kujiua. Ndipo Kristo alipomtokea, akamwahidi kwamba atapona, kwamba atamtumikia Mungu siku zote za maisha yake, na kwamba atamwona Mungu mwenyewe. Akamwona, lakini alichokiona ni miguu tu, ikipita.

Kutoka hapo alichonga miguu. Ipo kazi yake inayoitwa Mguu wa Mungu wenye Mayai: gogo limesimama, ni mguu, na juu yake kuna mayai. Nimelitazama pichani miaka mingi na nilikuwa naliona kama fumbo la msanii. Nikiwa nimekaa pale, na mguu wangu mwenyewe umechoka kwa kupanda, nililisoma vingine kabisa. Mtu mwenye kidonda cha mguu ameonyeshwa mguu usio na kidonda. Angechonga nini kingine?

Na si kazi za huzuni. Alimchonga Kristo anacheza mpira. Alichonga ndege ya Kaini. Alichonga Adamu na kuzaliwa kwa Hawa, sanamu kubwa ambayo watu wake wanatokeza mmoja juu ya mwingine kutoka kwenye mti ule ule. Alichonga samaki wasiohesabika, wengine wakubwa wa kukaliwa, wengine wa kushikwa mkononi. Ukimwangalia samaki wake utaona kwamba mgongo ni mpindo wa tawi lenyewe. Alichofanya ni kuondoa kidogo, akaweka jicho, akakata mistari ya mapezi kwa patasi nene, na akaacha alama za patasi zionekane. Sisi tunaochonga mpingo tunafuta alama hizo, tunang'arisha mpaka mteja ajione. Yeye aliziacha, na mwanga wa saa tisa ukipiga ubavuni kila alama inashika kivuli chake. Kwa kazi ya nje ni uamuzi sahihi. Kung'aa kungeliisha kwa mvua ya kwanza, kivuli hakiishi.

Lakini hapo kilimani leo sanamu zile kubwa hazipo. Kuna kuta, nyasi, mijusi, na uwanja ulioachwa wazi.

Zilivyoondoka inajulikana. Mwaka 1985 Ricky Burnett aliandaa maonyesho huko Newtown, Johannesburg, yaliyoitwa Tributaries, akaweka kazi za wachongaji wa vijijini pamoja na za wasanii wa mjini, jambo ambalo halikuwa la kawaida katika nchi ile na mwaka ule wa hali ya hatari. Maonyesho yakaenda hadi Ujerumani. Kazi za Hlungwani zikawashangaza watu. Mwaka 1989 yakafanyika maonyesho yake peke yake, na Madhabahu ya Mungu ikateremshwa kilimani, ikanunuliwa, ikaingia jumba la sanaa. Yeye aliridhia. Hakuna aliyeiba. Baadaye alihamia Mashamba, hapa jirani, akaendelea kuchonga huko. Na alipokwisha kufa heshima imezidi kupanda: mwaka 2020 jumba la Norval Foundation la Cape Town lilimfanyia maonyesho makubwa.

Sasa niseme ninavyoona. Najua mchwa. Najua gogo lililochimbiwa ardhini katika joto hili linavyoliwa kutoka chini, kimya kimya, mpaka siku unaligusa kwa kiatu linakaa. Bila wale walioziteremsha, pengine mimi leo nisingekuwa na cha kutazama popote, na picha zilizonileta hapa zisingepigwa. Hilo nalikubali kwa moyo wote. Hata hivyo madhabahu ile ilichongwa kwa ajili ya vijia hivi, na vijia hivi vilijengwa kwa ajili ya madhabahu ile. Kule mjini kuna mti usio na njia ya kuufikia, na huku kuna njia inayokufikisha kwenye nyasi. Wakati wa kununua, mbao zilihesabiwa kuwa ndiyo sanaa, na mawe yakahesabiwa kuwa ni mahali zilipokuwa zimewekwa. Mchongaji yeyote aliyekanyaga hapa atasema kwamba huyu bwana alichonga kilima kizima.

Nilimweleza Mwalimu habari ya pwani yetu ya Kenya, kwa sababu inafanana kwa kinyume. Wagiriama husimamisha vigango, nguzo za mti zilizochongwa kwa pembetatu, kwa ajili ya wazee waliokufa, na kigango kikisimama hakiondolewi. Kinaachwa kioze pale pale. Mwaka 1985, mwaka ule ule wa Tributaries, mzee mmoja alipigwa picha na mtafiti mbele ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda mfupi baadaye viliibwa. Mwaka 1999 vikatambuliwa Marekani, kimoja katika jumba la makumbusho la jimbo la Illinois, kingine katika chuo kikuu cha Hampton. Cha Illinois kilirudishwa mwaka 2006, cha Hampton mwaka 2007. Tangu hapo majumba mengine ya huko yamerudisha vigango vingi zaidi. Kwa hiyo kurudi kunawezekana. Kwetu kilichoibwa kimerudi kikiwa kimechoka. Hapa hakuna wizi, kuna risiti, na risiti ni ngumu kubishana nayo.

Kijana aliyetuongoza alikuwa anatusikiliza, ingawa Kiingereza chetu kilikuwa cha haraka. Akasema, bila kuulizwa, kwamba watoto wa shule wanapandishwa hapa wakati mwingine, na wakifika wanauliza, "Ziko wapi?"

Alhamisi, kuelekea Vuwani

Mvua nyembamba. Tulikwenda upande wa Tshino, kijiji cha Noria Mabasa, upande wa Wavenda. Sikwenda kumbishia hodi. Amezaliwa mwaka 1938 na nyumba yake imepokea wageni wa kutosha. Nilitaka tu kuona udongo wake na mto.

Yeye pia hakufundishwa na mtu. Aliugua muda mrefu, na katika ndoto bibi kizee akawa anamjia kumwonyesha jinsi ya kufinyanga. Mwaka 1974 akaanza na udongo, mwaka 1976 akaingia kwenye mti, kazi ambayo katika Wavenda ilikuwa ya wanaume. Magogo yake mengi yaliletwa na mafuriko. Mto ukishuka unaacha mizizi na vigogo vilivyosokotana, naye huona watu humo ndani. Ile kazi yake ya mafuriko ya Natal, watu wamefungamana na maji wasiweze kutenganishwa, ni mzizi mmoja. Mwaka 2002 alipewa nishani ya taifa ya Mbuyu (Order of the Baobab). Hlungwani alionyeshwa miguu, mama huyu akaonyeshwa mikono ya bibi kizee ikikanda udongo. Wote wawili waliugua kwanza. Nimeliwaza jambo hilo njia nzima ya kurudi na mvua ikipiga kioo.

Ijumaa, kwa mchongaji

Siku ya kazi. Mwalimu alinipeleka kwa mchongaji mmoja aliye hai, mtu wa makamo, ambaye uwanja wake unaonekana kutoka barabarani: samaki wa urefu wa mtu amelala kwenye magurudumu mawili ya gari, mwanamke mwenye mtungi, mzee anayepiga ngoma, na juu ya nguzo ya lango ndege mwenye mabawa yaliyofungwa. Zote ziko nje. Alijifunza peke yake akichunga ng'ombe, akianzia na fimbo. Nilimwita kaka, naye akaniita buti, tukawa tumemaliza utambulisho.

Alikuwa na gogo kavu la mng'ong'o mbele yake. Mti huu hapa ni marufuku kuukata ukiwa hai bila kibali cha serikali. Sheria ya misitu ya mwaka 1998 inaulinda, pamoja na mninga wetu, ambao huku wanauita kiaat, na miti mingine kadhaa. Kwa hiyo wachongaji wanatafuta miti iliyoangushwa na radi au upepo. Gogo lake lilikuwa na ufa mrefu kutoka kwenye moyo hadi gome. Mwenge tungelikataa hapo hapo, au tungeujaza ufa kwa unga wa mbao na gundi. Yeye alilizungusha gogo mpaka ufa ukatazama juu, akasema kinywa kiko hapa. Akashika tezo.

Tezo lake ni fupi kuliko langu na bapa lake limepinda zaidi. Linang'oa vipande vidogo, vya ukubwa wa ukucha, na halirukiruki. Anapiga akivuta kuelekea kwake, kiwiko kimebana ubavuni, na mkono wa kushoto unalizungusha gogo polepole baada ya kila pigo la tatu au la nne. Akifika karibu na ufa anabadili mwelekeo, anapiga kutoka ndani kwenda nje ili usiendelee kupasuka. Nilimwomba nijaribu. Baada ya muda akanishika kiwiko, akakirudisha ubavuni. Mjomba wangu alikuwa akifanya hivyo hivyo.

Tulizungumza zaidi habari ya kuoza. Yeye hachimbii sanamu ardhini tena. Anaiweka juu ya jiwe bapa ili maji yasikae, na kisigino chake anakipaka oili chafu ya gari dhidi ya mchwa. Sehemu nyeupe ya mti, ile ya nje, anaitoa yote mpaka akutane na mti mwekundu, kwa sababu wadudu huanzia kwenye ile nyeupe. Ile ya mzee mwenye ngoma imeanza kuchakaa begani. Anasema ataiacha. Mwanawe, kijana wa sekondari, hakukubali; alitaka ihamishiwe ndani, ipigwe vanishi. Wakabishana kwa lugha yao, kwa upole, nami nikaendelea kulipiga gogo.

Kisha kijana akanigeukia, akaniuliza mimi mgeni: akija tajiri akataka kununua zote, uwanja mzima, baba auze?

Niliwaza kodi ya kibanda changu. Nikamjibu kwamba auze, ila kabla ya kuuza wapige picha kila sanamu pale ilipokaa, wapime kutoka lango hadi samaki, kutoka samaki hadi ngoma, waandike ipi inatazama wapi na jua linaipiga saa ngapi, na karatasi hiyo iambatane na mkataba. Baba yake akasimamisha tezo. Akauliza, na ndege wa langoni? Mwanawe akajibu kabla yangu: huyo habanduki.

Jioni tukabadilishana vyombo. Nimempa patasi yangu ya nusu inchi, naye kanipa tezo la zamani lisilo na mpini. Mpini nitautia mwenyewe nyumbani.

Jumamosi, kurudi kusini

Niliamka mapema nikapanda tena kilimani peke yangu, kwa ruhusa ya bibi. Nilikuwa na futi ya seremala na daftari. Nimepima kijia kikuu, upana wake mahali pembamba kabisa na mahali kinapofunguka, urefu wa kuta pande zote mbili, na ule uwanja wa juu. Nimechora kila pembe na kuandika jua lilipopiga saa moja, saa mbili na saa tatu. Kijana alikuja kunishikia ncha ya futi. Kazi ilikwisha jua likiwa kali, nikampa nakala moja ya mchoro ampelekee Mwalimu, anayetaka kuutumia na watoto wa shule.

Sasa niko ndani ya basi, tumekwisha kupita Polokwane, tezo limefungwa kwenye shati chini ya begi. Kesho nitakwenda Joubert Park. Nitaomba kuonana na mtu anayehusika na makusanyo, nimwonyeshe vipimo hivi, nimuulize kama walipoishusha Madhabahu ya Mungu kuna aliyechora jinsi ilivyosimama. Kama mchoro huo upo, nitaomba nakala niwatumie Mbhokota. Kama haupo, picha za zamani zipo, na kwa vipimo vya kuta mtu anaweza kukadiria kila mti ulisimama wapi. Nimemwahidi Mwalimu kumjulisha kabla sijapanda ndege.